Majivu kwenye Mchicha wa Chuo

Msamala, Songea
Jumapili jioni

Mke wangu mpendwa, Mama Gozbert,

Nakusalimu kwa upendo. Goti lako linaendeleaje? Migomba ya nyuma ya nyumba imepaliliwa, au mwanao Gozbert bado ana visingizio? Mimi ni mzima, ingawa baridi ya huku hunishika mgongo, na ndizi zao si ndizi.

Kazi yangu inanitia mashaka. Chuo kikuu kilichoniajiri baada ya kustaafu ualimu kimeamua kununua mboga za bwalo la wanafunzi kwa wakulima wa karibu wasiotumia dawa za viwandani, badala ya mfanyabiashara anayezileta kwa lori kutoka mbali. Mimi ndiye mkaguzi. Wakulima wakinidanganya, mpango utakufa na yule bwana atarudi. Naye hupita ofisini kunijulia hali. Hata nilipopata mafua alijua. Nani alimwambia?

Kikundi cha akina mama wa Peramiho, kinachoongozwa na Mama Komba, kilileta mchicha usio na tundu hata moja. Mchicha gani huo usioliwa na wadudu? Nikageuza majani, nikakuta unga wa kijivu. Nikajua ni dawa. Nikapanda basi dogo kwenda kwao bila kumwarifu mtu.

"Shikamoo, mzee. Jua kali, pata togwa kwanza," akasema Mama Komba. Akamimina, akaonja mbele yangu, kisha akanipa kwa mikono miwili. Maana ya kuonja unaijua. Hata kwetu mwenyeji huonja pombe ya rubisi kabla ya mgeni, kuonyesha haina sumu. Lakini mkaguzi hapokei kitu kwa anayemkagua. Nikakataa.

"Nimeonja, mzee. Bado unaogopa?"

"Siogopi. Ni kanuni ya kazi."

"Kanuni inasema mimi mchawi?"

Wenzake wakacheka, lakini si kwa furaha. Mmoja akasema, "Togwa yetu imemshinda, mchicha wetu atauweza?"

Niliondoka bila kuliona shamba. Wiki iliyofuata hawakuleta kitu. Siku hiyohiyo lori la yule bwana, limejaa kabichi, likasimama mlangoni mwa jiko, wala hakuna aliyeliita.

Nikarudi Peramiho alfajiri. Niliwakuta wameinama bustanini, wakiokota viwavi kwa mikono na kuvitia kwenye kopo. Mama Komba alikuwa akinyunyiza majivu ya jikoni juu ya majani. Sikuridhika, niliyasugua kidoleni, nikayanusa. Yalikuwa majivu.

"Ulitaka yawe nini?" akauliza.

Nilimwomba radhi kwa maneno machache, nikamsihi wasituache.

"Tutaleta," akasema, "lakini mashaka yako uyalete hapahapa shambani. Kila Jumamosi uje uokote viwavi nasi. Usipokuja, nasi hatuleti."

"Na mgongo wangu je?"

"Mzee, mchicha ni mfupi kwa kila mtu."

Jana niliokota mpaka jua likapanda, nao wakinisahihisha kila nilipoacha kiwavi nyuma. Kesho mboga zao zinaingia jikoni. Nitazigeuza jani kwa jani kama kawaida yangu, naye Mama Komba ameapa kusimama pembeni anikague mimi.

Nisalimie mama mkwe, shemeji yangu fundi cherehani, katekista wetu, na jirani anayetuchungia mbuzi. Gozbert mwambie jembe halina visingizio.

Nakuombea afya njema.

Mumeo,
Baba Gozbert