Vyelezo vya Nyamizi

Apolinaria weee! Leo nyumba imejaa wageni, bibi Nyamizi katusimulia jambo, hakuna aliyegusa tena chai.

Ni enzi za Mwingereza, mwaka 1953. Nyamizi ana miaka kumi na miwili, na baba yake, mzee Masolwa, ni mrina asali. Wanakwenda kuvua samaki bwawani, nje ya Tabora. Binti katengeneza vyelezo, yale maboya madogo ya ndoano, kwa magunzi ya mahindi, kayapaka nta yasilowe. Lakini nta yenyewe hakuichuja, bado ina asali! Kavitunga vyote kwenye kamba, kavivaa shingoni kama shanga.

Shingoni, mwenzangu!

Walipofika ukingoni nyuki wakaja, mmoja, kumi, mpaka shingo ikawa nyeusi. Baba mtu hata sauti hakupandisha: "Mwanangu, usiwapige. Ingia majini polepole, uzame."

Akazama. Vyelezo vikagoma kuzama, si ndiyo kazi yake kuelea! Kamba ikamkaba koo, pumzi inamwishia, juu nyuki wanavuma. Akahangaika nayo mpaka ikapita kichwani, akaogelea chini kwa chini, baba akamdaka mkono, akamvuta ukingoni.

"Wamekuuma?"

"Hapana, baba."

Wakageuka kutazama. Vyelezo vinaelea pale pale, vimejaa nyuki.

Maji yakapasuka. Mamba akaikamata kamba yote kwa taya, akazama nayo. Nyuki wakabaki wanazunguka hewani, pale kilipokuwa kichwa cha Nyamizi.