Jeli ya Mimea ya Sayo

Baba Sayo,

Ile jeli ya mwani iliyo kwenye chupa, ndani ya friji, usiiguse! Nikirudi naitia hamira, sukari iliyomo ichachuke, itoe hewa ya ukaa kwa mimea ya tangi la samaki. Binti yako Sayo anakuja Jumamosi kutoka Sapporo. Nataka akute majani yake yanatoa vipovu kama alivyoyaacha.

Leo asubuhi nimekukuta umeimaliza ile ya kwanza, unachokonoa chupa kwa kijiti cha kulia chakula. Nikafoka, "Mzee mzima unakula chakula cha majani!" Ukajibu polepole, "Nilidhani umenipikia mimi."

Neno hilo limenichoma.

~~Ukiila na hii, utalala na samaki.~~

Jeli iliyo kwenye bakuli la bluu ni yako. Nimetia maharage matamu, kama zamani.

Mama Sayo