Maji ya Mihogo

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi nimesafisha mashine kwa spiriti. Saa nne tumerekodi kipindi chetu cha redio, "Jiko la Kijiji". Kijiji chenyewe ni studio namba mbili: mazulia ukutani, kinu cha kuazima, na jogoo wa jirani yangu wa Chang'ombe, kaletwa ndani ya kikapu. Jogoo kagoma kuwika. Ndugu Malekela, mtayarishaji wetu, kawika mwenyewe. Ndiyo kazi pekee niliyomwona akiiweza.

Mama wa kijiji ni Bi Somoe, mpishi wa kantini yetu, mtu wa Newala. Leo kaeleza mihogo michungu, ile wanayogawiwa watu wa vijiji vipya. Wengi wamezoea mahindi, hawaijui. Kaeleza taratibu, bila karatasi. Malekela yeye kafunga kwa hotuba. Dakika nne za kuwahimiza wananchi walime, na jembe hajui lishikwe upande gani.

Jumanne, 4 Machi
Kipindi ni dakika kumi na tano. Tunazo kumi na saba. Nikamwambia tupunguze hotuba. Kaniangalia kama nimemtusi. Kaamuru nikate pale Bi Somoe anapoloweka, eti maji hayana mvuto redioni.

Nimekata. Wembe, utepe wa gundi, basi. Kutoka "menya" hadi "anika", husikii hata mshono. Nikajiona fundi kweli, mie mjinga.

Jumatano, 5 Machi
Nakala sita zimefungwa, za magari ya vipaza sauti huko mikoani. Malekela kaweka sahihi kila boksi, kwa wino wa kijani. Mtu mzima.

Alhamisi, 6 Machi
Kipindi kimekwenda hewani saa saba mchana. Hakijaisha, Bi Somoe huyo mlangoni, mwiko mkononi, unadondosha mchuzi kwenye sakafu yangu.

"Mwanangu, maji yangu mmeyapeleka wapi?"

Nikamwambia tumepunguza muda tu. Akakaa chini, palepale. Mihogo ile ina sumu, kasema. Lazima ilale majini siku tatu ndipo ianikwe. Bila hivyo mtu anatapika, miguu inakufa, mtoto anaweza kulala asiamke. Nikamuuliza wakiimenya leo watakula lini. Akahesabu kwa vidole. Kwa jua hili, Jumatatu wanasonga ugali.

Nimemkimbilia Malekela. Masahihisho lazima yapite kikao, kasema, na kikao ni Jumatano. Nikamwambia Jumatatu watakuwa wanakula. Kasema wananchi si watoto wadogo. Kisha kaniuliza, kwa upole kabisa, ni nani aliyeshika wembe.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda stesheni ya treni, nakala zote sita nimezikuta sakafuni, hakuna aliyejisumbua kuzipakia. Nimezirudisha. Leo nashukuru uvivu wa watu.

Lakini kilichokwenda hewani hakirudi. Nimemfuata Malekela mara mbili. Mara ya kwanza anasoma gazeti. Ya pili kajifungia, nasikia anafanya mazoezi ya hotuba nyingine.

Namdharau. Ila yeye hakumsikiliza Bi Somoe, alikuwa anangoja zamu yake ya kusema. Mie nilimsikia kwa hedifoni mara tatu, neno kwa neno, na bado nikakata. Sasa nani wa kudharauliwa zaidi?

Jumamosi, 8 Machi
Marudio ni saa sita mchana. Malekela hayupo, kaenda Boko kwenye mikorosho yake. Utepe wa marudio uko mikononi mwangu.

Saa mbili asubuhi nikaenda kantini. Shikamoo, mama, njoo useme yale maji. Akavua aproni. Hakuuliza nani karuhusu.

Hakuna kinu, hakuna jogoo. Kasema: "Wanangu, Alhamisi mlisikia nusu. Mihogo hiyo msiile. Kama mmeianika, itoeni juani, itieni majini siku tatu, maji yenyewe mmwage. Mwambieni na jirani asiye na redio." Kairudia mara mbili.

Nafasi ilihitajika. Nikakata hotuba ya Malekela, yote, dakika nne. Sijawahi kukata kitu kwa raha namna ile.

Imekwenda hewani.

Jumatatu, 10 Machi
Malekela kaja juu. Watu wa korido nzima wamesikia. Wala hakutaja mihogo. Hotuba yake iko wapi, ndilo swali. Nilimwambia iko kwenye ndoo ya takataka, na ni kweli.

Nimehamishiwa ghala la Kurasini, kufuta tepu za zamani. Bi Somoe haruhusiwi tena kukanyaga studio. Leo watu wanakula, huko waliko. Ugali gani, sijui.

Jumatano, 12 Machi
Kikao kimekaa. Nasikia Malekela kapongezwa kwa masahihisho ya haraka. Kapokea pongezi kasimama.

Alhamisi, 27 Machi
Ghala lina joto. Nafuta tepu moja, nachukua nyingine. Mchana nimekwenda kantini, Bi Somoe kapokea barua. Hajui kusoma, nimemsomea kando ya jiko.

Imetoka kwa mwanamke wa kijiji kipya, kaandikiwa na mwalimu. Walikuwa wameimenya mihogo yote waliyogawiwa na kuianika juu ya bati. Jumamosi wakaishusha, wakaitia majini kama mama alivyosema. Siku tatu majini, kisha jua tena. Ugali umetoka mweupe. Watoto wanne, wote wazima. Asante.

Nilikuwa nalia, sifichi. Bi Somoe akakoroga maharage yake, akafunika sufuria.

"Na siku zote hizo," kauliza, "watoto walikula nini?"

Nikaisoma tena barua, mbele na nyuma. Haikusema.