Lita Mbili za Maji

Jumanne. Joto la kunata tangu asubuhi, mawingu yamejaa na mvua imegoma. Chai yangu ipo mezani, sijaigusa.

Nina ulimi mbaya. Nimeambiwa hivyo tangu utotoni, na siku zote nilidhani nasifiwa.

Wiki iliyopita nilikuwa nafundisha darasa la sita hesabu za michanganyiko. Chai ya nyumbani ilikuwa imepauka mwezi mzima, na asubuhi ile niliondoka nimenuna. Maziwa yetu huletwa na Bi Mize, mjane wa hapa hapa Tumbe mwenye ng'ombe wawili. Binti yake, Raya, ni mwanafunzi wangu, tena ndiye bora. Nikaandika ubaoni: "Bi Mize ana lita nane za maziwa. Ametia maji mpaka maziwa yakawa asilimia themanini tu ya mchanganyiko. Ametia maji lita ngapi?"

Jina lake lile lile.

Nikamwita Raya. "Njoo utufanyie. Hii kwenu si ngeni."

Darasa likaangua kicheko. Akaja, akaandika bila kugeuka: lita nane ni asilimia themanini, basi asilimia mia ni lita kumi, maji ni lita mbili. Hakukosea kitu. Nikasema, "Kumbe vipimo mnavijua," wakacheka tena, nami nikacheka nao. Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliandika.

Kufika mchana watoto walikuwa wanamwita Asilimia Themanini. Kufika Ijumaa hesabu yangu ilishaingia kila jiko, na Bi Mize akawa anarudi kwake na dumu limejaa. Raya hajaonekana skuli tangu siku ile.

Leo baada ya alasiri Bi Mize amekuja. Nilijiweka tayari kwa matusi. Akanisalimu vizuri, akaniuliza hali ya mama, kisha akasema, "Raya kasema harudi tena skuli. Sikuja kugomba, mwalimu. Nataka kujua tu, ulipima kwa chombo gani?"

"Chai yenyewe inasema, Bi Mize."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Mama alikuwa jikoni, amesikia yote. Akatoka anafuta mikono kwenye kanga. "Miye ndiye nitiaye maji," akasema. "Tangu nduguyo aje na wanawe, maziwa hayatoshi. Kila asubuhi natia vikombe viwili."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Kwani weye uliuliza? Ulinuna tu, ukenda zako." Akaokota kikombe changu cha jana, akakitazama. "Basi kesho mwandike mamako ubaoni."

Na mimi ndiye ninayewachapa watoto wasiohakiki jibu kabla ya kukabidhi daftari.

Ninachotakiwa kufanya nakijua. Kwa Bi Mize si mbali, naliona paa lake kutoka hapa nilipokaa. Kisha nisimame mbele ya darasa niseme kwamba maji yale yalitiwa kwetu. Nimevaa buibui mara mbili, nimelivua mara mbili. Nawajua wale watoto. Nimewafundisha kucheka mwenyewe.

Blogu hii haina jina langu, kwa hiyo hapa naweza kusema kweli.

Somo la kesho nimeshaliandaa. Ni eneo la pembetatu.