Zote Safi, Baba

Jumatatu, 9 Machi

Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: Baba haoni.

Si kwamba haoni kabisa. Mlango anauona, dirisha analiona, na mimi nikiingia anajua ni mimi — kwa ndala zangu, nafikiri, maana naburuta miguu. Lakini sura za watu hazioni. Herufi ndiyo usiseme. Na Baba ni mpiga video. Harusi, mahafali, ufunguzi wa duka, chochote chenye watu na maikrofoni.

Nimejua kwa sababu ya klipu. Kamera inazipa majina ya kijinga, namba tupu zilizotanguliwa na masifuri. Kabla ya kuhariri lazima kila moja ifunguliwe, itazamwe, ipewe jina lake. Zamani Baba alifanya mwenyewe. Halafu siku moja akasema, "Mama, njoo ujifunze kazi. Mimi sitaishi milele." Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nilifurahi. Nikadhani kweli nafundishwa kazi.

Sasa ndivyo tunavyofanya. Mimi nakaa kwenye kompyuta. Yeye anakaa nyuma yangu kwenye kiti cha plastiki, mgongo ukutani, na kikombe chake cha chai. Naicheza klipu, anasikiliza. Anauliza, "Iko safi?" Nasema, "Safi, Baba." Anasema, "Haya, ipe jina."

Haziko safi. Hataki fokasi ya otomatiki, anasema hiyo ni ya watu wanaopiga video paka wao. Anazungusha lenzi kwa vidole kama zamani, vidole vinakumbuka, lakini macho hayavisaidii. Kwa hiyo maua ya nyuma yanatoka makali kama wembe, na bibi harusi mbele yake kama amelowekwa kwenye maziwa.

Naandika kwa lugha ya nyumbani. Ya shule naiandika vizuri zaidi, ila kwa ile kila kitu kinageuka insha.

Jumanne, 10 Machi

Harusi tuliyonayo ni ya mwalimu wa chekechea, yule wa karibu na kituo cha mafuta. Sikwenda. Siendi harusini, watu wakinitazama nasahau hata mikono niiweke wapi.

Majina ya leo:

mwalimu_anashuka_garini — ukungu.
wajomba_wanagombea_maikrofoni — ukungu.
keki — keki safi kabisa. Waliokuwa wanaikata, ukungu.

Kwenye wajomba Baba alicheka mpaka chai ikamwagikia goti. "Umeona sura ya yule mnene alivyonyang'anywa?" Hakuna sura. Kuna kitu cha kahawia juu ya kitu cheupe. Nikasema, "Nimeona, Baba."

Alipotoka nikajaribu programu ya kuongeza ukali wa picha. Inatoa ukungu wenye kingo.

Asubuhi alikanyaga bakuli la pini za Mama. Mama anashonea nguo sebuleni, na pini zilitapakaa mpaka chini ya kabati. "Mzee mzima," Mama akasema, "hiyo miwani umeivalia urembo?" Baba akajibu, "Nimeivaa ili wewe unione mzuri." Mama akacheka huku akiokota. Yeye anaamini miwani mipya itamaliza kila kitu, ni suala la kwenda kupimwa tu. Siku nyingine na mimi naamini hivyo. Leo niliamini karibu mchana wote.

Jumatano, 11 Machi

Mwalimu amepiga simu. Baba akanisukumia, "Pokea wewe, mikono yangu michafu." Ilikuwa misafi. Naogopa simu kuliko mtihani.

Bibi yake amefariki. Bibi aliyemlea tangu anatambaa. Wamezika Jumapili. Mwalimu alikuwa anaongea polepole, kama anayepita kwenye sakafu iliyolowa. Alisema bibi alikuwa hapendi kupigwa picha maisha yake yote, akiona kamera anageuka. Siku ya harusi tu ndiyo alikubali. "Sihitaji video yote sasa hivi, mdogo wangu. Nataka kumuona uso. Nitakuja Jumamosi mchana, sawa?"

Nikasema sawa. Nimempa pole baada ya kukata simu, nikiwa peke yangu.

Baba alikuwa amesikia yote. "Bibi nilimpiga karibu kabisa, wakati anampa mjukuu nasaha. Hiyo ndiyo klipu yangu bora ya mwaka."

Nimeitafuta, nimeipata. Sauti utadhani yupo humu chumbani. Pazia la nyuma unaona hadi mshono wake. Bibi hana uso.

Alhamisi, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kuna kamera ya pili. Ndogo, ya zamani, Baba anaiita kamera ya mtoto. Kila akienda kazini mimi ndiye ninayeiweka kwenye otomatiki, na yeye akifika anaisimamisha kwenye stendi, iangalie jukwaani, iwe akiba. Kadi yake hatukuifungua. "Ya mtoto achana nayo, kubwa imeshiba." Leo nimerudi kutoka shule, yeye amelala, nikaifungua.

Haikuangalia jukwaani hata kidogo. Inaangalia viti vya nyuma na mlango. Aliisimamisha na hakuona imeelekea wapi.

Lakini ni safi. Nilikuwa nimesahau picha safi ikoje. Unaona uzi uliochomoza kwenye kitambaa cha meza.

Watu wanapita, watoto wanakimbizana. Halafu Baba anaingia kwenye picha, kamera kubwa begani. Sijawahi kumtazama Baba akiwa hajui kwamba namtazama. Anatembea kwa kugusa migongo ya viti, kimoja, kingine, kama anayehesabu mbuzi. Kwenye kiti kimoja limetundikwa koti. Anagusana nalo, anainama, anasema, "Samahani, mzee." Anasubiri kidogo koti lijibu. Kisha anaendelea.

Nilicheka. Halafu nikaacha.

Mbele yake kuna kiti kimetoka nje ya mstari. Nikamwambia "Baba, kiti" — nimeiambia kompyuta. Pembeni, karibu na stendi, ameketi bibi mmoja, ameipa kamera mgongo. Anajiinua, magoti yanamgomea, anajiinua tena. Anamshika Baba kiwiko. Na hapo anageuka, mwanga wa mlangoni unampiga moja kwa moja. Uso mzima. Mikunjo, hereni, pengo la jino pembeni. Sikuhitaji kuambiwa ni bibi wa nani, hata kidevu ni cha Mwalimu, nimemwona mara nyingi akivusha watoto barabara.

Nikavaa hedifoni.

"Simama. Kuna kiti hapo."

"Asante, mama."

"Huoni, mwanangu."

"Naona kiasi."

"Kiasi gani? Umesalimia koti."

Baba akacheka, kile kicheko chake cha puani. Bibi akauliza daktari anasemaje.

"Miwani haisaidii tena. Mishipa ya ndani imekufa. Ndiyo basi."

"Na kazi?"

"Kazi ninayo mpaka watu wajue."

Muziki ukapanda. Wakasogeleana wasikizane, vichwa vimegusana. Bibi akauliza kama nyumbani wanajua. Sehemu hii nimeirudia na kuirudia, nikitumaini nimesikia vibaya.

"Mama yao hajui. Binti yangu anajua. Kila klipu ananiambia safi, Baba, safi, Baba. Hajui kudanganya yule, sauti inampanda. Namwacha tu. Nikimwambia najua, tutabaki na nini sisi wawili?"

Bibi akampigapiga mkono kama unavyombembeleza mtoto. Wakaondoka wameshikana, yeye mbele, Baba nyuma.

Kwa hiyo kwa daktari alishaenda. Kwa hiyo miwani hakuna. Na mimi siku zote hizi nilikuwa namficha mtu ambaye ananiona kuliko anavyoona kitu kingine chochote.

Ijumaa, 13 Machi

Nimejaribu kuikata. Kabla ya kumshika Baba, Bibi ameipa kamera mgongo. Baada ya hapo, mgongo tena. Uso upo pale tu vichwa vilipogusana. Nikimwondoa Baba naondoka na shavu la Bibi. Nikafikiria kumtia Baba ukungu — nikajicheka. Ukungu ninao wa kuuza.

Naweza kutoa picha moja, bila sauti. Lakini mtazame Baba kwenye picha hiyo. Bibi yupo mbele ya pua yake na macho yake yanaangalia pembeni ya uso wake, pale ambapo hakuna mtu. Anayeiona anaelewa. Mwalimu ataelewa, na atasikitika kwa dhati, na atamwambia dada yake. Dada yake ana saluni. Saluni ile haina siri zaidi ya siku moja.

Au niseme kamera iliharibika. Watu wanaamini kamera kuharibika. Ukungu wote wa harusi nzima unaelezeka kwa neno hilo moja, Baba anabaki na kazi mpaka harusi ijayo, na ijayo nitasema kadi. Na Mwalimu arudi nyumbani kwake bila uso wa bibi yake. Uso ambao mimi ninao, humu, kwenye folda.

Jioni tulikaa kama kawaida. Chai, kiti cha plastiki. Nikacheza ile ya nasaha, ya pazia. Bibi akazungumza, Baba akasikiliza hadi mwisho bila kunywa.

"Hii iko safi?"

"Safi, Baba."

Nikaisikia. Kweli inapanda, mwishoni pale. Miaka yote hii sikujua.

Akapapasa kikombe, akakipata. "Haya," akasema. "Ipe jina."

Nikaandika jina. Nimekosea herufi na sijarekebisha.

Jumamosi, 14 Machi

Mwalimu amefika, yupo sebuleni. Amekuja mapema. Mama amempa maji na amesukuma vitambaa vyake upande mmoja ili apate pa kukaa. Nasikia: "Wanamalizia tu, yule binti yangu hana mchezo na kazi." Mwalimu anasema hana haraka. Sauti yake ya leo ni ya mtu aliyelia njiani akanawa uso bombani.

Kwenye kioo cha kompyuta nimefungua klipu zote mbili. Ya pazia ina jina lake bovu la jana. Ya kamera ya mtoto bado ni namba. Nimebonyeza pa kuandika na kishale kinawaka, kinazima. Baba alinifundisha siku ya kwanza kabisa: jina liseme nani yumo na anafanya nini, ili hata asiyekuwepo ajue. Nani yumo, najua. Anafanya nini, najua. Nimeandika "bibi_ana", nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.

Kuifuta klipu yenyewe ni kubonyeza mara moja tu. Kidole nimekiweka juu ya kitufe, nimekitoa. Sina ninachokitaka. Njia zote mbili naona mwisho wake, na mwisho wake haufai.

Mama anaita, "Baba watoto, mgeni anasubiri!"

Anakuja. Ndala, na kile kisauti cha kiganja kinachopita ukutani, ambacho Mama anadhani ni panya. Amepita bafu. Amepita kabati la vyombo.

Nimeufunika ukurasa kwa mkono, kama siku zote.

Namficha nani? Kusoma hawezi. Na angeweza, humu hamna asichokijua.

Nimeondoa mkono. Daftari liko wazi kando ya kompyuta. Klipu ya kamera ya mtoto iko mwanzo kabisa, spika zimefunguliwa, nikibonyeza atasikia "Samahani, mzee" kwa sauti yake mwenyewe. Vidole vyake vimefika kwenye fremu ya mlango. Ataniuliza kama iko safi, na safari hii