Ghuba Isipigwe Risasi

Kambini, Ghuba ya James, 26 Aprili 1988

Dada Hattie,

Salamu kutoka kwenye matope. Sisi wazima, ila goti langu linalia kuliko mbwa. Mama anaendeleaje na mashine ya figo huko Montreal? Mwambie bata bukini wameanza kushuka. Wazee wamenifanya mkuu wa bata: nisipofyatua mimi, hafyatui mtu. Nadhani walikosa mwingine.

Mama aliniomba aione ghuba imejaa bata kabla ya risasi ya kwanza. Basi nimeifunga, hafyatui mtu mpaka afike. Mlete.

Mdogo wako, Redfern

Montreal, 3 Mei

Mdogo wangu,

Barua imefika, goti pole. Mama kacheka: "Mkuu ni yule aliyempiga risasi bata wa mbao wa chambo?" Daktari anatuzuia kidogo.

Dada yako, Hattie

Kambini, 9 Mei

Dada,

Hamjambo huko? Ghuba imekuwa nyeusi kwa bata. Wakiruka, hatusikilizani hemani. Na sisi tunakula dagaa wa kopo. Binamu Stewart ananiuliza, "Mkuu, bunduki yako imeokoka?" Nacheka naye, nitafanyaje. Mwambie Mama nimemtandikia matawi mabichi kibandani, akae kama malkia.

Mdogo wako, Redfern

Montreal, 13 Mei

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Anasema msimngoje. Pigeni bata, Redfern, watoto wapate nyama. Pigeni leo.

Dada yako, Hattie

Kambini, 19 Mei

Dada,

Habari za huko? Barua yako nimeipata jana. Upepo wa kusini ulikuwa umeshapita, na bata wote wamekwenda nao. Watu wanafungasha mahema bila kunisemesha. Usimwambie Mama. Mwambie tumeshiba.

Mdogo wako, Redfern

Montreal, 24 Mei

Mdogo wangu,

Sina salamu ya kukupa. Mama alifariki tarehe nne Mei. Aliniapisha nisiseme mpaka bata wapite, maana unajua desturi yetu: mngesikia msiba, kambi zote zingeweka bunduki chini, na watu wangekosa chakula cha mwaka. Yale ya barua yangu ya pili nilitunga mwenyewe. Yuko kwenye chumba cha baridi cha hospitali. Nisamehe.

Dada yako, Hattie

Kijijini, 30 Mei

Hattie,

Mlete. Kaburi limechimbwa. Watu watakula kuku wa dukani matangani, Stewart ameshawaagiza.

Redfern