Nyumba ya Mama Katika Kitabu cha Mwalimu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Barua yako kutoka Unguja imefika. Hatujambo sote, na dada yako amejifungua salama, mtoto wa kiume.

Waniuliza kwa nini marehemu Mwalimu Haji, katika kitabu chake cha vita vya Wajerumani, ameandika sana milango na maua ya watu.

Mji wetu wa Bagamoyo ulipopigwa mizinga tulikimbilia kijiji cha Kiwangwa. Mwalimu, jirani yetu, alikuwa na karatasi chache tu, akawa anaandika yaliyotupata. Asubuhi moja mama yangu, naye alikuwa kipofu, akamwambia, "Niandikie nyumba yangu. Ina baraza mbili, na asumini mlangoni."

Niliona haya. "Mwalimu, karatasi zitakwisha. Andika mizinga."

"Mizinga wataiandika walioipiga, mwanangu. Asumini hii ataiandika nani?" akajibu Mwalimu.

Akaandika, kisha akamsomea taratibu. Mama akasimama kwenye mkeka, akanyoosha mkono, akainua mguu kama mtu anayevuka kizingiti chake.

Nyumba ilikwisha kuungua, na mama hakurudi tena Bagamoyo. Lakini asubuhi ile, Zuhura, nilimwona akiingia ndani.

Nakuombea afya na usingizi mwema,
bibi yako Mwanaisha